Bastola na Ala Yake

Petro alikuwa na upanga. Tunaposomewa habari za Mateso siku ya Ijumaa Kuu jambo hili linatupita haraka, maana usiku ule ulikuwa na makubwa zaidi. Lakini mtazame vizuri: mvuvi wa Galilaya, mtu wa nyavu na samaki, ametoka mezani pa Bwana wake akiwa na upanga kiunoni. Luka anasema panga zilikuwa mbili. Yohane ndiye anayemtaja aliyechomoa, na anamtaja hata aliyekatwa sikio: Malko, mtumishi wa Kuhani Mkuu. Yesu akaamuru upanga urudishwe alani.

Hakuamuru utupwe. Hakuamuru uvunjwe wala uzikwe chini ya mizeituni. Urudishwe mahali pake, basi. Nimekaa na swali hili muda mrefu, hasa nyakati za masika hapa Rubya, mvua inapovifunga vilima vya Ihangiro na mtu hana pa kwenda. Kwa nini ala? Silaha iliyofichwa ndani ya ngozi ina tofauti gani na silaha iliyo wazi, ikiwa mkono ni ule ule na hasira ni ile ile?

Walionisaidia kulifikiri ni watu ambao sikuwatarajia: wakusanyaji wa bastola. Wapo wengi, hasa Marekani na Ulaya, wanaotumia miaka na mali kukusanya bastola za vita vikuu viwili vya dunia. Si majambazi wala si wapenda ugomvi. Wengine ni wastaafu wapole wanaovaa glavu laini wakishika chuma, jasho la kiganja lisije likatia kutu. Na wanachokisaka hasa si bastola peke yake. Wanaitaka pamoja na mkoba wake wa ngozi, magazini yake ya akiba na kifaa chake cha kufungulia, vyote viwe vilitoka pamoja siku ya kwanza.

Chukua Luger, bastola ambayo jeshi la Ujerumani liliipokea mwaka 1908. Kiwanda kiligonga namba mwilini mwake, kisha tarakimu mbili za mwisho zikarudiwa kwenye vipande vidogo vidogo, hata vile visivyoonekana mpaka uifumue. Magazini nazo zilipigwa namba chini, na mara nyingi ile ya akiba iliongezewa alama ya kujumlisha ili isichanganywe na mwenzake. Mkoba ni wa ngozi nene iliyoshonwa kwa uzi mzito. Kifuniko chake kinaifunika silaha yote mpaka kipini. Ukingoni mwa mbele kuna mfuko mwembamba wa magazini ya akiba. Na ukifunua, chini ya kifuniko utakuta kijifuko cha kipande cha chuma bapa, kisichozidi kidole, kinachofanya kazi ya bisibisi na ya kusaidia kujaza risasi. Mgongoni pa ngozi fundi aligonga jina lake, mji wake na mwaka. Mtu aliyeutengeneza mkoba ule alikaa akafikiri. Aliwaza mvua, vumbi, farasi, kiuno cha mtu aliyechoka. Jambo moja tu hakuliwaza, au kama aliliwaza alilinyamazia.

Namba zote zikilingana, bei hupanda sana. Kipande kimoja kikiwa na namba ya bastola nyingine, mkusanyaji huhuzunika, na huzuni yake ni ya kweli. Mimi simcheki. Hamu ya kukuta kitu kizima katika dunia iliyovunjika ni hamu ya mtu anayesali, hata kama yeye mwenyewe hajui kuwa anasali. Kinachonisumbua ni kwamba ameipeleka hamu hiyo kwenye kitu kilichoundwa ili kiondoe uzima. Bastola ile ilitoka kiunoni mwa mtu, na mwili wa mtu huyo haukugongwa namba popote. Mkusanyaji anaweza kukuonyesha kwamba bastola na magazini vimekaa pamoja zaidi ya miaka 100. Aliyevivaa yuko wapi?

Huku kwetu ukusanyaji wa namna hii una tarehe yake. Juni 1915 meli ziliondoka Kisumu zikiwa na askari wa Mwingereza: Loyal North Lancashire, kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, Wahindi wa Punjabi na askari wa King's African Rifles. Alfajiri ya tarehe 22 walishuka ufukweni kaskazini ya mji wa Bukoba. Walikuja kubomoa mtambo wa simu ya upepo wa Mjerumani na ngome yake. Mapigano yaliendelea mpaka kesho yake, mji ukaanguka, mnara ukaangushwa, na askari wakaachiwa wapore. Walioandika habari za siku ile wanasimulia wanaume wazima waliotoka nyumbani mwa watu wamevaa kofia za maofisa wa Kijerumani, wengine wamejitia nguo za wanawake, wanacheka. Kisha wakapanda meli wakaenda zao.

Miongoni mwao alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, mwenye miaka 63, umri ambao huku mtu anatarajiwa awe anakaa barazani. Maisha yake yote alikuwa mkusanyaji: wanyama aliowaua wamehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya viumbe London. Tarehe 4 Januari 1917 yeye mwenyewe alipigwa risasi kichwani kule Beho Beho, karibu na Rufiji, na hapo ndipo alipozikwa. Hifadhi kubwa ikapewa jina lake, na mwaka 2019 sehemu yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Maofisa wa Kiingereza wa enzi ile walijinunulia bastola kwa fedha zao. Wengi walibeba Webley, nzito, yenye kikamba kinachotoka kwenye kipini na kupita begani ili isipotee ikiponyoka mkononi. Vitu kama hivyo vina bahati ya kudumu. Ofisa akifa, bastola yake inapelekwa kwa mjane. Mjane akifa, inapelekwa mnadani. Na kila inapopita inaandikiwa karatasi.

Sasa mtafute mpagazi katika makusanyo hayo. Vita ile ilibebwa vichwani mwa watu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama pauni 60, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa kuhara damu, malaria na njaa kabla hawajaona adui. Mpagazi hakuwa na bastola wala mkoba. Alikuwa na kata ya majani kichwani, na kata ya majani huoza. Kariakoo ya Dar es Salaam ilibaki na jina la kikosi chao, na watu wananunua vitunguu pale bila kujua wanakanyaga kumbukumbu ya nani. Ndiyo maana siamini mtu anaponiambia kwamba kukusanya silaha ni kuhifadhi historia ya vita. Ni kuhifadhi historia ya waliokuwa na silaha.

Kuna jambo jingine linanirudia nikiwa kanisani, na huenda si mahali pake. Risasi ya Luger ya milimita 9 iliitwa Parabellum. Kiwanda cha Berlin kilichukua usemi wa kale wa Kilatini unaomshauri mtu anayetaka amani ajiandae kwa vita, kikaufanya jina la biashara. Miaka hiyo hiyo, hapa Rubya, wavulana wa seminari waliyoianzisha Mapadri Weupe walikuwa wanakariri Kilatini ili waweze kusoma Misa. Walitoka Buhaya, na wengine walitembea kwa miguu kutoka Rwanda. Baadaye sana akapita hapo kijana aitwaye Laurean Rugambwa, akapewa upadri mwaka 1943 na ukardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza. Lugha moja ilikuwa inafundishwa kwenye kilima hiki kwa ajili ya altare, na kule Berlin ilikuwa inagongwa kwenye masanduku ya risasi. Lugha haikujitetea. Chuma nacho hakijitetei.

Nasema hivyo kwa sababu chuma si kigeni kwetu. Katuruka, kusini kidogo ya mji wa Bukoba, wachimbuaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Peter Schmidt walikuta katika miaka ya 1970 mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 2000. Mapokeo ya pale yanasema Omukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe alijenga mnara wa chuma ili afike mbinguni, na mnara ukaanguka. Mababu wa vilima hivi walijua kuyeyusha jiwe likawa jembe, na walijua pia kwamba mtu akizidiwa na chuma chake atataka kukipandia mpaka kwa Mungu. Sidhani kama wahubiri wetu wamewahi kulitumia simulizi hilo vya kutosha.

Turudi kwenye ala. Si kila ala ni rafiki wa amani. Mwaka 1896 kampuni ya Mauser ilitoa bastola ambayo mkoba wake si wa ngozi, ni wa mbao, umechongwa ukawa na tundu ndani. Ukichomoa bastola, unageuza mkoba, unauchomeka nyuma ya kipini, na papo hapo umekuwa kitako cha kuegemeza begani. Ofisa analenga mbali zaidi kuliko mwenye bastola ya kawaida. Wakusanyaji wanaipenda mno, na kwa ufundi inastahili kupendwa. Lakini tazama kilichotokea: ala imeacha kazi ya kuizuia silaha, imekuwa mkono wake wa pili.

Ala za namna hii ninazo na mimi. Jumapili tunapeana amani, namshika mkono jirani ambaye tumegombania mpaka wa kibanja tangu baba zetu wakiwa hai, na moyoni najua kabisa kwamba mulamula, mti wa mpakani, uling'olewa usiku na nani. Hasira nimeichomeka, sikuiacha. Tena kule kuichomeka kunaifanya ilenge vizuri zaidi siku nitakapoichomoa, kwa sababu nimepata muda wa kutulia na kuegemea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nadhani walikuwa wameona viuno vingi.

Maandiko yana mkusanyiko mmoja wa silaha ambao haukuisha vizuri. Daudi alipomuua Goliathi, upanga wa lile jitu uliishia mikononi mwa makuhani wa Nobu. Waliuweka patakatifu, umefungwa kwa nguo, nyuma ya naivera, vazi la kuhani. Huwezi kupata hifadhi nzuri kuliko hiyo: mahali pa ibada, kitambaa safi, mlinzi aliyewekwa wakfu. Ulikuwa kumbukumbu ya ukombozi. Miaka ikapita, Daudi akaja anamkimbia Sauli, hana silaha, akauliza kama kuna upanga. Kuhani Ahimeleki akamwonyesha ule. Daudi akasema hakuna mwingine kama huo, akauchukua. Kwa ajili ya upanga ule na mkate ambao Ahimeleki alimpa Daudi, Sauli akaamuru makuhani 85 wauawe siku moja, na mji wao ukapigwa. Nikisoma sura hizo mbili za Samweli wa Kwanza, ya 21 na ya 22, naona kwamba silaha iliyowekwa kwa ajili ya kumbukumbu haisahau kazi yake. Inasubiri mwenye haja.

Mkoa wa Kagera haukuhitaji kusoma hilo kitabuni. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya mto Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wa Misenyi walivuka kuja kusini na watoto mgongoni. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Vita vikaisha, lakini bunduki hazikwisha: zilibaki vichakani, zilifichwa darini, zikarudi barabarani mikononi mwa majambazi. Kisha siku za mwisho za Aprili 1994, kule Rusumo, wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu na ushei. Askari wetu waliwapokonya silaha mpakani, na picha za yale mapanga zilienda dunia nzima: lundo la mapanga kando ya njia, mengine na vipini vya mbao vilivyolegea.

Hakuna mkusanyaji anayelitaka lundo lile. Mapanga yale hayakuwa na namba wala muhuri wa fundi. Yalikuwa sawasawa na panga ninalopunguzia majani ya migomba yangu. Kwangu, lile ndilo kusanyo la kweli la silaha za vita kuliko yote yaliyowekwa kwenye makabati ya kioo, kwa sababu pale ngozi nzuri, nta na mng'aro vimeondolewa, umebaki na chuma na kile kilichofanywa.

Je, basi tuseme hakuna kitu cha vita kinachofaa kutunzwa? Nilikuwa karibu kusema hivyo, mpaka nilipoonyeshwa mkoba mmoja. Mzee jirani yangu alipigana vita ya Kagera. Siku moja tulikuwa tunahesabu kahawa yake, akaingia ndani kutafuta stakabadhi za chama cha msingi, akatoka na mkoba wa bastola. Stakabadhi zilikuwa humo, zimekunjwa vizuri. Ngozi imekuwa nyeusi kwa moshi wa jikoni, kishikizo hakipo, na upande mmoja imeng'aa, pale ilipokuwa ikisuguana na paja la mtu kwa muda mrefu. Ukiingiza kidole unakuta umbo la mtutu bado limo, ngozi imelikariri.

"Tata, na bastola yake?" nilimuuliza.

"Haikuwamo. Niliuokota njiani, tunakwenda Masaka. Mtupu hivyo hivyo."

"Na kama ingekuwamo?"

"Ningemkabidhi mkubwa wangu, mwanangu. Chenye kitu ndani si changu."

Akakaa kimya, akachagua stakabadhi aliyoitaka. Kisha akaniambia, kana kwamba ni jambo la kawaida, kwamba kila Novemba anapojaza bahasha ya marehemu ya parokiani, baada ya wazazi wake na ndugu zake na askari wenzake anaandika pia "mwenye mkoba". Hajui alikuwa nani. Alikuwa Mganda au Mlibya, alikuwa Mwislamu au Mkristo, alikimbia au alikufa. Padri akisoma majina haulizi. Tena siku yenyewe ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, ndiyo siku ambayo mwaka 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tunakwenda vitani.

Nimeona makala za wataalamu kuhusu mikoba ya bastola, jinsi ya kusoma mihuri, jinsi ya kupaka nta bila kuharibu ngozi. Hakuna aliyekaribia kuulinganisha mkoba na kitu chake kama mzee huyu. Wengine wanatafuta bastola iliyokaa humo. Yeye anamtafuta mtu, na kwa kuwa hawezi kumpata ameamua kumpeleka mbele za Mungu bila jina. Na sasa nadhani naelewa kidogo kuhusu usiku wa Gethsemane. Upanga ukirudi alani, Petro anabaki na mikono mitupu na uso wa Malko mbele yake. Ala ilimpa nafasi ya kumwona.

Kaboya, humu humu wilayani Muleba, wamelala wanajeshi wetu waliokufa katika vita ile, na mnara umeandikwa majina yao. Kila ninapopita najiambia nitashuka, na mara nyingi gari limejaa na dereva ana haraka. Unapopata nafasi, shuka. Soma majina kwa sauti hata kama ni manne matano. Huo ni mkusanyiko unaomilikiwa na kila mtu.

Na kama nyumbani kwenu, juu ya dari au ndani ya sanduku la marehemu babu, kuna bastola ya vita yoyote ile, usiisafishe wala usiitafutie mnunuzi. Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haijali kwamba ni urithi, inataka leseni. Wizara ya Mambo ya Ndani hutangaza mara kwa mara kipindi cha msamaha, na anayesalimisha kwa hiari ndani ya kipindi hicho hashtakiwi. Mwone mtendaji wa kijiji au nenda kituo cha polisi, uulize utaratibu kwanza kabla ya kuibeba barabarani. Usingoje mjukuu aikute. Mkoba, ukiruhusiwa kubaki nao, uwekee karatasi ndani: nani aliuvaa, wapi, mwaka gani, alirudi au hakurudi. Jina kama hulijui, bahasha za marehemu hugawiwa parokiani kabla ya Novemba, na mistari ya kuandikia huwa inabaki.